Kilele Kisichoonyesha Kitu

Kilele cha Lupanga hakionyeshi kitu. Mtu huondoka Morogoro mjini alfajiri, akapita mashamba ya migomba na mihogo, akaingia msituni, akapanda kwa mikono na magoti pale penye mizizi, na akifika juu, mita 2,138 kutoka usawa wa bahari, anakuta miti. Ile mirefu imebaki chini. Hii ya juu ni mifupi, imepinda, imevaa ukoga wa kijani unaodondosha maji hata siku isiyo na mvua. Mji aliouacha hauoni. Bonde la Ngerengere halioni. Wageni wengi hugeuka huku na huku wakitafuta pa kupigia picha, kisha huuliza: "Ndiyo hapa?"

Ndiyo hapo. Na mimi naipenda Lupanga kwa sababu hiyohiyo. Mlima wa mawe humlipa mpandaji kileleni, kwa mkupuo. Mlima wa msitu hulipa njiani, kidogo kidogo, na humlipa yule tu anayejua kupokea. Kuupanda ni ufundi kamili, wenye zana zake, adabu zake na miaka yake ya uanagenzi, na ufundi huo unatutoka huku tunatazama.

Nimeujua kwa kumtazama mzee mmoja wa kijiji cha mlimani, ambaye amekuwa akiongoza watu kwenye Milima ya Uluguru tangu ujana wake: wapima ardhi, watafiti wa ndege, wanafunzi wa misitu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, na siku hizi vikundi vya vijana kutoka Dar es Salaam wanaokuja mwisho wa wiki. Huvaa yeboyebo wakati wa kiangazi na gambuti wakati wa masika. Mfukoni huweka mihogo ya kuchemsha iliyofungwa kwenye jani la mgomba, na mkononi ana fimbo ya urefu wa kifua. Kabla ya kuondoka husimama uani na kuutazama mlima kwa muda mrefu. Anatazama wingu limekaa wapi. Likiwa limelala mgongoni na chini yake kuko wazi, anasema twende. Likiwa limeshuka mpaka kwenye mipaka ya mashamba kabla jua halijapanda, anarudi ndani kunywa chai, na hakuna fedha itakayomtoa.

Akianza kutembea, mgeni hudhani mzee anaumwa. Hatua yake ni ndogo, nzito, ya kuchosha kuitazama. Lakini hatua hiyo haibadiliki. Kwenye tambarare ni ileile, kwenye mwinuko unaomkatisha pumzi kijana wa miaka ishirini ni ileile, na haikatizwi na mapumziko. "Pumzika huku unatembea," huwaambia, na maana yake mtu huielewa akishamfuata kwa muda: kila mguu unaobaki nyuma unaachwa ulegee kabisa kabla haujaitwa tena mbele. Ni jambo dogo sana, na nimewaona watu wazima wakishindwa kulifanya kwa saa nzima, kwa kuwa miili yetu imezoea kukazana hata pasipo na haja.

Kisha kuna mizizi. Njia ya Lupanga kuanzia katikati ni ngazi ya mizizi, na mzizi uliobambuliwa ganda na nyayo za watu, ukilowa, hauna huruma. Mzee hakanyagi mzizi. Hukanyaga udongo ulio nyuma yake, mguu ameulaza upande, mzizi ukauzuia ubavu wa kiatu. Hashiki mti kabla ya kuutazama. "Shika kwa macho kwanza," anasema, na anayempuuza hujifunza kwa miiba, au kwa siafu, ambao hupanda shinani kimya na kuanza kuuma wote kwa pamoja wakishafika pazuri.

Lakini nikitakiwa kutaja kitu kimoja tu cha kuuthibitisha ufundi huu, nitalitaja panga lake.

Ni panga dogo, limeliwa na tupa mpaka limebaki jembamba, mpini wake umezungushiwa utepe wa mpira wa baiskeli. Mtu angetarajia kiongozi wa msituni atangulie akifyeka. Mzee anaweza kupanda mpaka juu na kurudi bila kukata tawi hata moja. Penye majani yaliyofunga njia hutumia mgongo wa panga: huyabonyeza kando, hupita, nayo hujirudia. Makali ni ya mti ulioanguka tu, na hata huo hukata upande mmoja, papatikane mahali pa kupenya mtu, asiukate vipande na kuutupa.

Na alama anazoweka! Penye njia panda, au penye ukungu unaoanza kushuka, huchukua kijiti cha kichaka kwa vidole viwili na kukivunja nusu, kisikatike, kikaning'inia. Kisha hukipindua ili upande wa chini wa jani, ule mweupe zaidi, utazame juu. Basi. Ukipita mchana hukioni. Lakini jioni, mwanga unapofifia na majani yote yakawa rangi moja ya giza, vile vijiti vilivyopinduliwa huonekana kimoja baada ya kingine mpaka chini, vyeupe. Kwa juma moja au mawili hunyauka, hudondoka, na kichaka huchipua pembeni. Alama ya siku moja kwa safari ya siku moja. Sijawahi kuona fundi wa kazi yoyote aliyefikiria kwa makini namna hiyo kuhusu jinsi kazi yake itakavyofutika.

Siku hizi kwenye njia hiyohiyo kuna utepe wa plastiki mwekundu, umefungwa kila hatua chache, mwingine umekatika na kuzama kwenye matope. Kuna rangi ya kupuliza kwenye magome. Kuna majina ya watu na alama za moyo zilizochongwa kwa kisu kwenye shina la podo lililokuwa limesimama hapo kabla babu za waliochonga hawajazaliwa. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku mwaka 2019, na ilikuwa heri, lakini chupa za maji zimebaki, na zinakaa vizuri sana msituni: hazinyauki, hazidondoki, hazichipui.

Kuongoza watu njiani ni kazi ya heshima ya zamani katika nchi hii. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilipita chini ya milima hii, na mbele ya kila msafara alitembea kirangozi. Burton, aliyesafiri kwenda bara mwaka 1857, aliandika kwamba mtu aliyethubutu kumtangulia kirangozi alitozwa faini. Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta mji wa Simbamwene ukiwa na kuta zake, hapa chini, karibu na Morogoro ya leo. Hao wote waliutazama mlima kwa mbali, wakausifu, wakaendelea. Waliobaki nao ni Waluguru, walioupanda wakiwa na watoto mgongoni, wakalima kwenye miteremko ambayo mtu wa tambarare hawezi hata kusimama, na wakaiacha sehemu ya juu kwa miti, mvua na mizimu. Upande wa mashariki, Kinole, cheo cha Kingalu kilihusishwa na mvua vizazi na vizazi. Hapakuwa mahali pa kuingia kwa kelele.

Ujuzi huu ulirithiwa kwa upande wa mama, kama walivyorithi ardhi. Mzee hakufundishwa njia na baba yake. Alifundishwa na mjomba wake, na mjomba yule alikuwa mwalimu mgumu. Alimtanguliza kijana mbele, akamfuata kimya, na kijana alipokosea njia mjomba hakusema kitu. Aliendelea kumfuata, mpaka kijana mwenyewe ahisi kwamba ardhi chini ya miguu imebadilika, kwamba udongo ni laini mno kuwa njia ya watu, asimame na kurudi. Mara nyingine walirudi usiku. "Mjomba hakunionyesha njia," mzee aliniambia. "Alinionyesha kupotea." Ndiyo maana leo, ukungu ukishuka mpaka mtu haoni mkono wake, mzee hasimami. Anapunguza mwendo, anainamisha kichwa, na kuendelea kwa miguu. Njia iliyokanyagwa miaka mingi ni ngumu chini ya majani yaliyooza, naye anaisikia kwa unyayo. Upepo wa kutoka baharini anausikia shavu la kushoto. Maji ya korongo yakisikika chini kulia, yuko sawa. Yakisikika pande zote mbili, amefika kwenye ukingo mwembamba, na hapo huwaambia watu washikane.

Ramani ya kwenye simu haiwezi kusema hayo. Wala siichukii simu. Imewaokoa watu, na vijana wana haki ya kuitumia. Ninachosikitikia ni kwamba anayepanda akitazama kioo hupanda mlima ambao haupo. Nimewaona wakipita bila kusimama chini ya mti ambao juu yake alikuwa anaita yule ndege mwenye kofia nyeusi, mgongo wa kijani na tumbo la manjano, asiyeishi kokote duniani ila Uluguru. Watu hupanda ndege kutoka Ulaya waje kumsikia, na wengi huondoka bila kumwona, kwa sababu hukaa juu kwenye vilele vya miti. Vijana wale walikuwa na spika ndogo begani, muziki umefunguliwa mpaka mwisho. Mzee alisimama pembeni, akawapisha, akasubiri mpaka muziki uishie mbali. Kisha akasubiri tena, kwa muda mrefu zaidi, ili ndege arudie. Hakurudia.

Siku nyingine, mahali pa mwinuko mkali, mzee aliinua jani lililoanguka kwa ncha ya fimbo. Chini yake alikuwa chura asiyezidi urefu wa pingili moja ya kidole, rangi ya jani lililooza, koo lake likipigapiga. Kwenye mteremko kama ule maji hayatuami, na baadhi ya vyura wa milima hii wameyapa kisogo madimbwi kabisa: hawatagi mayai majini, huzaa vichura vilivyokamilika, papo hapo kwenye majani. Wataalamu husafiri mbali kuja kuwaona. Mzee hakuwa na maelezo marefu. Alisema tu, "Huyu anazaa," akangoja tutazame, halafu akalirudisha jani upande uleule lililokuwa limelalia. Ni kule kulirudisha ninakokukumbuka. Angeweza kuliacha lianguke vyovyote, na hakuna ambaye angejua.

Tao la Mashariki, safu ya milima inayoanzia Taita huko Kenya na kuishia Udzungwa, imejaa viumbe wa namna hiyo, waliobaki juu kwenye misitu yao kama wakazi wa visiwa. Dunia inalijua hilo. Mwaka 2008 msitu wa Uluguru ulipandishwa hadhi ukawa Hifadhi ya Mazingira Asilia, na sasa mpandaji hutakiwa kuwa na kibali na kulipa kiingilio. Ni jambo jema. Msitu huu ulikwishawekewa mipaka tangu enzi za Wajerumani, na mipaka bila watu wanaoijua njia haijawahi kutosha. Moto wa kiangazi unaoanzia mashambani hausomi kibao. Anayeuona kwanza ni mtu aliyeko mlimani, na anayejua pa kuuzuia ni yule anayejua upepo wa jioni hugeukia wapi.

Na hapa nataka kusema juu ya maji, kwa kuwa watu wa mjini tunayanywa bila kuuliza yametoka wapi. Ukungu ule unaowaudhi wapiga picha kileleni hugeuka matone kwenye majani na ukoga, matone hushuka shinani, huingia ardhini, hutokeza kwenye makorongo. Mito ya Uluguru huijaza Ruvu, na Ruvu hulinywesha jiji la Dar es Salaam. Bwawa la Mindu, tegemeo la Morogoro, hupokea maji ya Ngerengere yanayotoka kwenye milima hiihii. Kwa hiyo kilele kisichoonyesha kitu kinafanya kazi muda wote mtu anaposimama pale akilalamika.

Watu wa mlimani walilijua hili pasipo semina. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilikuja na mpango wa kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao, kwa nia ya kuzuia mmomonyoko. Haikuwasikiliza walioijua miteremko ile, wapi udongo ni mwepesi, wapi kazi ile ngumu haitalipa. Mwaka 1955 watu walikataa, ghasia zikazuka, na mpango ukafa. Sisemi kwamba kila mkulima wa mlimani alilima vizuri. Nasema kwamba ujuzi wa jinsi maji yanavyoshuka ulikuwepo, vichwani na miguuni mwa watu, na aliyekuja kufundisha hakudhani kuna cha kuulizwa.

Mzee anao ujuzi huo, na anautumia njiani. Kila mwaka, kabla ya masika, hupanda peke yake. Hakuna mgeni siku hiyo, hakuna malipo, na nilijua habari zake kwa bahati, kutoka kwa mkewe. Hukusanya matawi mazito yaliyoanguka yenyewe, akayalaza kukatisha njia, yakiwa yameinamishwa kidogo upande wa bonde, akayazika nusu, akashindilia udongo kwa kisigino. Mvua ikija, maji yanayoteremka kwa kufuata njia hukutana na gogo, hugeuka, huingia msituni na kunywewa na majani. Hatua kadhaa chini kuna gogo jingine. Bila hayo, njia yoyote ya mlimani hugeuka mfereji kwa misimu michache, kwa maana maji nayo hupenda palipokwisha kusafishwa. Wapandaji huyaruka magogo hayo wakidhani ni miti iliyoanguka ovyo. Wengine huyasukuma kando, wapite vizuri.

Penye kona anafanya kinyume cha wengi. Njia inapozunguka ili kupunguza ukali wa mteremko, huizunguka yote, hata kama anaiona sehemu ya chini pale mbele, mita chache tu. Wenye haraka hukata moja kwa moja. Wakishakata watu kumi, majani yamekwisha kulala. Wakishakata mia, pana udongo mtupu. Masika ijayo pana bonde dogo, na kona aliyoibuni mtu asiyejulikana, aliyefikiria magoti ya wabebaji wa ndizi wanaoshuka sokoni na mizigo kichwani, haina kazi tena.

Wale kina mama wanaoshuka gizani kupeleka ndizi, mboga na matunda mjini, ndio kwa kweli walioitunza namna ya kutembea ambayo mzee anaifundisha. Watazame wanavyoshuka: goti halikazwi, mguu unatua kwa upande, shingo haitikisiki. Hawahesabiwi kuwa wapanda milima. Hakuna anayewapa cheti wala kuwapiga picha wakiwa wameinua mikono. Siku moja nilimsikia kijana wa mjini, viatu vyake vya bei kubwa vimejaa matope, akimwambia mmoja wao, "Shikamoo mama, tupishe tafadhali." Aliitikia "Marahaba," akapisha, na ndoo yake ya matunda kichwani.

Nilimwuliza mzee amemfundisha nani. Ana mpwa, mtoto wa dada yake, kijana mwelekevu, ambaye kwa desturi ndiye angemfuata kama yeye alivyomfuata mjomba wake. Kijana anaendesha bodaboda pale Msamvu. Simlaumu, wala mzee hamlaumu. Stendi ina abiria kila siku, na mlima una wageni mwisho wa wiki, tena wageni wanaopunguza bei ya kiongozi mpaka aone haya kuitaja. Wanalipa petroli ya kutoka Dar bila kunung'unika, wanalipa chakula hotelini, halafu wakifika kwa mtu atakayeyabeba maisha yao kwa siku nzima wanasema, "Mzee, si tunapanda tu? Njia inaonekana." Wengine hawamchukui kabisa.

"Mpwa wangu anaijua nusu," mzee alinijibu. "Nusu ya chini. Ya juu tulikuwa tuipande naye mwaka ule, akapata pikipiki."

Nusu ya juu ndiko kuliko na ukingo mwembamba wenye maji pande zote mbili, na ile njia panda ambayo tawi lake la kulia linaonekana pana na zuri na linaishia kwenye jabali. Ndiko anakoita yule ndege. Ndiko kwenye magogo mengi zaidi, maana mteremko ni mkali na udongo ni mwekundu, mwepesi. Magoti ya mzee hayamruhusu tena kwenda na kurudi siku moja akiwa amebeba matawi. Masika iliyopita hakuna aliyepanda kuyapanga. Mfereji wa katikati ya njia, uliokuwa kina cha kifundo cha mguu, sasa unafika gotini, na mahali pengine kiunoni. Vikundi havitaki kupita humo. Vimeanza kufungua njia mpya kando yake, kwa panga, kwa makali, na kila kikundi kinafungua ya kwake.